Nauli Juu Yako

Utepe wa kaseti ukinyooshwa juu ya mpunga kutoka mti mmoja hadi mwingine, upepo ukiupata hulia. Hulia vuuu, kwa sauti nene ya mtu anayekataa jambo huku amefumba mdomo, kisha upepo ukigeuka sauti hupanda, viii, halafu hushuka tena, na huo ndio wimbo wa mchana kutwa. Nimekulia Ifakara, na kila mwaka mpunga ulipoanza kutoa masuke tulihamia shambani kwetu Michenga kuamia, yaani kufukuza ndege, mpaka mavuno. Kwa hiyo masikio yangu yana akiba kubwa ya sauti za bondeni: vyura, madebe yanayogongwa, watoto wanaopiga kelele kwa zamu mpaka wanakauka koo. Lakini ni ile vuuu ya msimu mmoja wa miaka ya tisini, nilipokuwa na miaka tisa, ambayo hata leo ikinijia barabarani nacheka peke yangu na watu wananitazama. Acha wanitazame. Hawajui nilichoifanyia kanda ya mama yangu.

Kanda yenyewe ilikuwa albamu ya bendi moja ya dansi, nyimbo nane tu, nne kila upande. Mama aliinunua akiwa msichana, kabla hajamjua Baba, na nisiwe mwongo, kuna siku niliona anaipenda kuliko sisi. Kava lake lilikuwa la kijani, lina picha ya wanaume saba waliovaa suruali pana, wameegemea gari ambalo Baba alishikilia kuwa si lao. Majina halisi ya nyimbo hatukuyajali. Tulikuwa na yetu. Kulikuwa na wimbo wa barua, wimbo wa shemeji, wimbo wa msamaha, wimbo wa mjomba. Ule wa msamaha ndio uliokuwa wake hasa. Mwanamume anamwita mkewe aliyeondoka, anamwambia nimekusamehe, rudi nyumbani, na neno hilo la "rudi" analivuta mpaka unaona kabisa mtu kasimama mlangoni na mzigo kichwani. Mama alikuwa mwepesi wa mikono, lakini wimbo ule ukifika pale, kama anachagua mchele mikono ilisimama juu ya ungo, kama anakanda unga vidole vilibaki ndani ya unga. Hakuwahi kuondoka kwa mtu wala kuachwa na mtu. Nilipomuuliza kwa nini anasikitika alisema hasikitiki, anashiba. Sikumwelewa, ila niliona kuwa siku kanda ilipopigwa nyumba nzima ilikuwa na adabu zaidi, na hata Baba, ambaye kazi yake ilikuwa kunyamaza, alipiga mguu chini mara mbili tatu.

Tatizo la kanda nzuri ni majirani. Jirani anakuja na tabasamu, shikamoo dada, naomba uniazime ile kanda yako ya kijani, wageni wangu wanakuja Jumapili. Jumapili inapita, na Jumapili nyingine, na ukienda kuidai unaambiwa imeazimwa na shemeji yake wa Idete. Kukopa harusi, kulipa matanga. Mara mbili Mama aliifuata kanda yake kwa miguu akairudisha ikiwa na harufu ya samaki, na karatasi iliyogandishwa kwenye kaseti yenyewe ikachubuka yote, ikabaki plastiki tupu isiyo na jina. Baada ya hapo akaanza kuwa na hila zake, ambazo hatukuzijua.

Mwaka huo, mwezi wa nne, habari ikaja kwamba bibi yangu mzaa mama ameteleza kisimani huko Mahenge akavunjika mguu. Mama ndiye binti pekee, hapakuwa na mjadala. Alifunga nguo chache, na asubuhi ya kuondoka kwenda kupanda pantoni Kivukoni akaniita chumbani. Alifungua boksi la kanda, akatoa lile kasha la kijani, akalizungushia kitambaa chake cha kichwa na kuniwekea mikononi. "Fausta, hii iko chini yako. Nikirudi niikute." Akaniambia pia tusithubutu kuipiga mpaka Baba anunue betri mpya, kwa sababu zile zilizokuwemo kwenye redio zilikuwa zimechoka, na betri zilizochoka humfanya mwimbaji aimbe kama mtu wa malaria. Kisha akambusu mdogo wangu Damasi, aliyekuwa na miaka minne na bado amelala, akaondoka. Mimi nilibaki na kasha, na tangu dakika ile nikajiwekea imani ambayo hakuna aliyenifundisha: kanda ikiwa salama, Mama yuko salama. Ikipotea, harudi. Sikumwambia mtu. Mambo ya namna hiyo ukiyasema yanachekesha, na mimi sikuwa na mzaha nayo hata kidogo.

Tulihamia Michenga watatu. Baba alijenga upya dungu letu, kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ili mtu aone shamba lote, akaezeka kwa nyasi ambazo bado zilinuka ubichi. Chini yake tulipika, juu yake tulikaa. Asubuhi bonde zima lilikuwa na ukungu na baridi ya miguuni, na ndege walianza kabla ukungu haujaondoka, kwa hiyo unashuka hujanawa uso, unashika debe, unapiga kelele. Saa nne jua likikaza ndege hupumzika, nasi tulipumzika. Hapo Baba alikata masuke machanga machache, akayakaanga chunguni, akayatwanga, tukala pepeta ya moto yenye harufu ya maziwa na moshi. Kama hujawahi kula pepeta ukiwa umekaa juu ya dungu na miguu inaning'inia, pole sana. Jioni ndiyo iliyokuwa ngumu. Jioni Damasi alimuulizia Mama. Aliuliza kwa utaratibu, wala halii, kama karani wa kijiji: Mama yuko wapi, anakuja lini, kwa nini si leo. Baba alijikohoza na kwenda kutazama mitego ya perege. Ikabaki kazi yangu. Nilifungua kitambaa nikampa lile kasha la kijani alishike, nikamwambia, "Mama yumo humu. Betri zikija atasema." Akalishika kifuani mpaka usingizi ukamchukua, nami nikalitoa polepole na kulirudisha kwenye kitambaa.

Kisha kweleakwelea wakaja. Mtu asiyewajua husema ni ndege wadogo tu. Ni wadogo kweli, lakini hawaji kumi wala mia. Wanakuja kama moshi wa shamba linaloungua, wanatua upande mmoja, na bandu bandu huisha gogo. Walipendelea pembe ya matete, kule karibu na maji, ambako miguu ya mtoto haifiki haraka. Baba alitazama hali hiyo siku mbili, siku ya tatu akaendesha baiskeli mpaka nyumbani Ifakara na kurudi na kanda mbovu tatu: mbili zilizokwisha tafunwa na redio, na moja ya mafunzo ya ufugaji wa kuku ambayo Mama alipewa kwenye semina. Hiyo ya kuku haikuwa mbovu, ila hakuna aliyewahi kuisikiliza mpaka mwisho. Zile mbili alizifunga katikati ya shamba. Hazikutosha. "Fausta," akaita kutoka kule kwenye matete, "lete na hiyo ya kuku."

Niliipeleka mbio. Niliipeleka kwa furaha! Mimi mwenyewe, kwa vidole vyangu hivi, niliingiza kijiti kwenye kaseti nikauvuta utepe nje, Baba akashika ncha na kuifunga kwenye mti, nami nikatembea juu ya tuta nikiuachia nyuma yangu, unang'aa kahawia kwenye jua, mpaka pembe ya mwisho na kurudi. Nilikuwa nikiimba. Niliimba wimbo wa msamaha, maana ndio uliokuwa kichwani. Ulipoisha, Damasi akaomba kaseti tupu, akaiburura kwa kamba ya mgomba akasema ni basi la Mahenge. Na upepo ulipokuja, utepe ukalia vuuu, ndege wakayumba, wakapita juu kwenda kwa wengine. Baba akacheka, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi. Akasema bora kuku wamepata faida.

Kwa wiki tatu na siku kadhaa tulilala na kuamka na sauti ile. Niliizoea mpaka nikawa najua upepo unatoka wapi kabla sijafungua macho. Bibi Skolastika, mwenye shamba lililopakana na letu, mjane mwenye ulimi wa pilipili, alikuja akasikiliza akasema, "Huyo mwalimu wenu wa kuku ana sauti nzuri kuliko padri wetu." Nami kila siku nilikagua kasha la kijani. Nililifuta vumbi. Mvua ilipovuja nililala nimelikumbatia, mgongo ukalowa lenyewe likabaki kavu. Nilijisifu moyoni: Mama amechagua mtu.

Alhamisi moja mchana, mvuvi aliyetoka Kivukoni akamletea Baba salamu: mguu wa bibi umeunga, Mama Fausta atavuka na pantoni Jumamosi. Baba alipanda baiskeli, na aliporudi saa tisa alikuwa na betri nne mpya kwenye karatasi ya gazeti. Alisema tuisikilize kidogo tu, kuhakikisha, ili Jumamosi Mama akifika aikute inaimba. Tukakaa juu ya dungu. Damasi nikampakata. Nilifungua kitambaa, nikafungua kasha, nikaitumbukiza kaseti, Baba akabonyeza.

"Karibuni tena wafugaji," sauti ya mwanamume ikasema. "Leo tutaendelea na ugonjwa wa mdondo. Kuku mwenye mdondo huzubaa, hushusha mabawa, na huharisha kijani."

Mwalimu akaendelea kueleza habari za banda na majivu. Damasi akaniinulia uso, macho yamejaa. "Mama ana mdondo?"

Baba akaigeuza kanda upande wa pili. Vifaranga. Akaizima. Kisha wote wawili, mimi na yeye, tukageuza vichwa taratibu kuelekea kwenye matete, na kule utepe ukatuitikia: vuuu. Mama alikuwa ameificha kanda yake ndani ya kasha la kuku, mahali ambapo hakuna jirani angeomba kuazima, na kuku, ambao kaseti yao nayo haikuwa na jina, akawaweka ndani ya kasha la kijani. Na siku ile ya kuondoka, kwa haraka na machozi ya kumwacha Damasi, akasahau hila yake mwenyewe akanikabidhi kuku.

Sikulia mara moja. Niliona kwanza baridi, mwezi wa tano, saa tisa mchana. Nikaona pantoni, nikaona maji, nikaona Mama asiyekuja. Ndipo nikalia, na nilivyolia Bibi Skolastika alikuja akikimbia na debe lake akidhani nimeumwa na nyoka. Baba alieleza. Bibi yule alinitazama, akaitazama redio, akatazama matete, akaanza kutikisika mabega. "Mchuma janga hula na wa kwao," akasema. "Haya, inuka mjukuu wangu. Machozi hayakunji utepe."

Lakini Baba alikuwa na hesabu nyingine. Upande ule wa matete ndio ulioiva vizuri kuliko wote. Tukiuondoa utepe mchana, ndege wataona mlango wazi, na hicho ndicho chakula chetu cha mwaka. Aliyasema hayo bila ukali, akitazama mikono yake. Nikamwambia nitasimama mimi. Nitasimama penye utepe, nitapiga kelele kutoka ukungu mpaka jua linazama, siku zote zilizobaki, ila tuutoe. Sijui nilikuwa na uso wa namna gani, maana Baba hakubishana. Alichukua ile kaseti ya kuku, safari hii kuku wenyewe, akaanza kuuvuta utepe wake. Huo ukapanda juu ya matete, na wa Mama ukashuka. Hivyo ndivyo mwalimu alivyopata hatimaye wanafunzi wa kumsikiliza, na kusema kweli sauti yake ilikuwa mbaya.

Kuukunja utepe ni kazi ya subira. Damasi alinyang'anywa basi la Mahenge, akalia, akapewa kazi ya kushika ncha akanyamaza. Nilipitisha kalamu ya wino kwenye jicho la kaseti nikazungusha, Baba akitembea na utepe juu ya tuta, akiufuta umande na uchafu wa ndege kwa kitambaa kile kile cha kichwa cha Mama, akiunyoosha ulipojipinda. Jua lilikuwa limeufubaza mahali pengine. Tulikunja Alhamisi mpaka giza, Ijumaa tukaendelea, mimi nikizungusha huku nafukuza ndege kwa kelele kama nilivyoahidi, sauti ikaniisha kabla ya saa sita nikabaki nagonga debe kwa mguu. Bibi Skolastika aliacha shamba lake kwa mwanawe akaja kusimama upande wangu, akiwatukana kweleakwelea matusi ambayo nilikuja kuyaelewa nilipoolewa.

Kamba hukatikia pabovu. Kwenye kona ya mwisho utepe ulikuwa umekatika, na kipande kimetoweka. Baba alipima kwa mikono yake kutoka mti hadi mti, akasema pima moja na nusu hazipo. Tukatafuta kwenye maji, kwenye tope, chini ya mpunga. Damasi ndiye aliyeuona. Juu ya matete yaliyoinamia maji kulikuwa na viota vya minana, vile vya mviringo vinavyoning'inia, na kimoja kilikuwa kinang'aa. Wameufuma ndani, kwa ustadi, pamoja na majani, kama ukili wa mkeka. Ndege niliyemtegea kelele amejengea kelele nyumba! Niliingia maji ya kiuno, nikashika tete, nikalivuta kwangu, na ndani nikaona makinda matatu yasiyo na manyoya, vinywa wazi. Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye utepe. Bibi Skolastika alisema kutoka kwenye tuta, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Acha, mwanangu. Ukibomoa nyumba ya mtu kwa ajili ya wimbo, utauimbaje tena?" Niliachia tete likarudi juu. Nilirudi ukavuni nikiwa na hasira na yeye, na hasira na ndege, na hasira na kuku wote wa dunia.

Baba aliunganisha ncha mbili zilizobaki kwa solusheni ya kuzibia pancha za baiskeli. Aliipaka kwa ncha ya mwiba, akabana kwa kucha akihesabu pumzi. Hatukuthubutu kuijaribu yote, kuogopa kiungo kisiachie. Tulisikiliza mwanzo tu, wimbo wa barua, na uliimba. Uliimba kama mtu aliyelala nje, una mafua, sauti inaenda mbali na kurudi, lakini uliimba.

Jumamosi Mama alikuja. Nilimwona kutoka juu ya dungu, kitambo kirefu kabla hajafika, anatembea juu ya tuta na mzigo kichwani, amekonda, na nilitaka kukimbia nikashindwa, miguu ilikuwa na hatia. Damasi alikimbia kwa niaba yetu wote. Baba akabonyeza redio kama tulivyopanga. Mama alisikia, akasimama katikati ya mpunga, akashusha mzigo, akaweka mkono kifuani. Wimbo wa barua ukapita, wa shemeji ukapita, akawa amefika chini ya dungu, amenishika kichwa, ananiuliza mbona sauti imekauka. Ndipo wimbo wa msamaha ukaanza. Nilifumba macho. "Nimekusamehe," yule bwana akaimba, "ruuudi nyumbani..." Kikasikika kiungo kikipita, tok, na bila kupumua, kutoka mwanzoni mwa wimbo wa mjomba, ule wa mjomba wa mjini anayealika watu kwa maneno matupu, mwimbaji mwingine akadakia kwa furaha: "...nauli juu yako!"

Mama alimgeukia Baba. "Nauli juu yangu? Miezi miwili nimeuguza, Baba Fausta, halafu nauli juu yangu?"

Mimi nikaropoka yote kwa pumzi moja, kuku, ndege, utepe, makinda, pantoni, na kwamba nilijua hatarudi kwa sababu nimeiharibu. Mama alinisikiliza mpaka neno la kuku likamwingia. "Yesu na Maria," akasema taratibu. "Kanda ya kuku!" Akakaa chini pale pale kwenye majani, akacheka mpaka kanga ikamfunguka, akacheka mpaka Bibi Skolastika akatoka shambani kwake kuja kucheka naye. Mpaka leo anadai alimwambia Baba kuwa kanda halisi iko kwa kuku. Baba anasema hakuambiwa. Hiyo kesi haina hakimu.

Jioni ile alinichukua tukaenda wawili mpaka kwenye matete kuangalia kiota. Minana walikuwa wanaingia na kutoka na wadudu mdomoni, na jua likipiga, nyumba yao inang'aa. Nilimwomba radhi tena. Aliniuliza kama siku zote zile utepe ulikuwa unalia. Nikasema ulilia kila siku, vuuu, mpaka usingizini. "Basi mlikuwa mnanisikiliza," akasema. "Kazi niliyokupa umeifanya." Nilimwegemea kiunoni, ananuka moshi wa jiko la bibi na sabuni ya mche, na nilifurahi hata nikaona aibu.

Kanda ile iliendelea kupigwa miaka mingi, na kiungo hakikuachia. Upande wa pili tulipoteza gitaa tu, hakuna aliyelikumbuka. Lakini upande wa kwanza ulitupa msemo. Nilipokwenda shule ya bweni, barua za Mama ziliishia hivyo: rudi nyumbani, nauli juu yako. Baba alimwambia hivyo bwana aliyekuja kunioa. Watoto wangu wanausema bila kujua ulitoka kwenye mpunga.

Siku hizi Kivukoni kuna daraja. Unavuka mto umelala kwenye kiti, unaamka uko Ulanga, hakuna wa kukungoja ukingoni na moyo mkononi. Redio kaseti ilikufa zamani, na kanda iko ndani ya kopo la biskuti chini ya kitanda cha Mama, katika kasha la kuku. Mwaka jana wakati wa mavuno tulikutana nyumbani Ifakara, na Damasi, ambaye sasa ana tumbo na lori lake mwenyewe, akatoa simu akasema ana zawadi: ameipata ile albamu mtandaoni, nzima, safi. Akaiunganisha na spika. Ama kweli ilikuwa safi. Nilisikia ala ambazo sikujua zilikuwemo. Gitaa limekaa mbele, mwimbaji yuko chumbani nasi, hana mafua. Wimbo wa msamaha ulipofika pale tukavuta pumzi wote, tukaimba kwa pamoja, "nauli juu yako!" na yule bwana hakutujali. Akaendelea. Akaimba ubeti ambao niliwahi kuusikia nikiwa mdogo na ukanitoka kabisa, ule uliobaki kwa minana: watoto wanakuulizia kila jioni, sina la kuwajibu. Nilimtazama Damasi, mtu mzima, ameinamia simu yake. Nikawakumbuka wale watoto wawili juu ya dungu na kasha lao la vifaranga, na nikaona kwamba mambo mengi siku hizi tunayapata safi na mazima, tena kwa kidole kimoja, na sijawahi kulala nimekumbatia hata moja mvua ikivuja.

Mama alikuwa anachagua mchele. Mikono haikusimama. Alisikiliza ubeti wote mpaka mwisho, akapuliza pumba, akasema, "Zima, Damasi. Huyo hajui wimbo."

Damasi akazima. Mama akauanza mwenyewe, kwa sauti yake ambayo sasa imekwaruza kidogo, bila haraka, na alipolivuta lile neno mpaka mlangoni akagonga ukingo wa ungo kwa kidole, tok, na sisi sote, pamoja na Baba anayesikia nusu nusu, tukaruka naye mpaka kwa mjomba.